Maswali ya Fundi Cherehani

Kulikuwa na muuguzi mmoja ambaye hospitali nzima ilimwita Sista Hodi. Jina hilo alibandikwa na wagonjwa wenyewe, kwa sababu hakuwahi kufungua pazia la kitanda cha mtu bila kusimama kwanza nje na kusema, "Hodi." Wenzake walimcheka. Pazia la wodini, walisema, si mlango wa nyumba. Yeye aliwajibu kwamba kwa aliyelala nyuma yake, siku ile ndiyo nyumba pekee aliyobaki nayo, na akaendelea na hodi zake kwa miaka kumi na saba bila kujali vicheko.

Mwaka wa kumi na nane akaenda masomoni. Ilikuwa kozi ya miezi tisa ya tiba shufaa, yaani ile tiba ya mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena lakini maumivu yake yanaweza kutulizwa, hofu yake ikasikilizwa, na watu wake wa nyumbani wakaonyeshwa namna ya kumtunza. Alirudi na cheti mkobani na moyo unaochemka. Katika mkoa mzima, wenye vituo vya afya ishirini na sita, hakukuwa na mtu mwingine hata mmoja aliyesomea kazi hiyo. Mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, ilikuwepo hospitali kuu peke yake, ndani ya kabati lenye kufuli mbili. Mgonjwa wa saratani akiambiwa hakuna zaidi la kufanya, alirudishwa kwao na vidonge vile vile anavyonunua mtu mwenye kuumwa kichwa.

Sista Hodi akaenda moja kwa moja kwa Mganga Mkuu wa mkoa. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa tarakimu; hata mkewe, watu walitania, alimposa kwa grafu.

"Sista, mimi sikukatalii," alisema. "Lakini nikienda huko juu kuomba mofini na mafunzo kwa vituo vyote hivi, nitaulizwa tatizo lina ukubwa gani. Nijibu nini? Kwamba nina muuguzi mwenye huruma?"

"Unaweza kuwaambia waje waone."

"Hawatakuja. Niletee takwimu. Zikiwa na uzito, nitapigana nawe bega kwa bega. Zikiwa nyepesi, utaniacha niendelee na malaria yangu."

Walipeana mikono. Sista Hodi akaandaa dodoso la maswali thelathini na mawili, akisaidiwa na mwalimu wake wa chuo, akapata kibali cha kamati inayolinda haki za wanaofanyiwa utafiti, akaanza kuzunguka majumbani kila Jumanne na Alhamisi kwa gari la hospitali lililokuwa na mlango mmoja usiofunguka.

Baada ya wiki sita alikuwa amefika nyumba arobaini na tatu. Akajifungia ofisini kwake, chumba kilichokuwa zamani stoo ya mashuka, akaanza kujumlisha. Alipofika swali la tisa, "Je, una maumivu?", kalamu ilimgandia mkononi. Kati ya watu arobaini na watatu, thelathini na mmoja walijibu hapana. Waliobaki wengi walisema kidogo tu.

Alihesabu mara ya pili, akahesabu mara ya tatu. Namba hazikusogea. Na yeye alikuwa amewaona watu hao kwa macho yake! Alikuwa amemwona mzee aliyeng'ata kona ya shuka huku akisema hajambo. Alikuwa amemwona mama aliyejikaza kisabuni, jasho likimtiririka, akisema anamshukuru Mungu. Lakini karatasini wote walikuwa wazima kama vigongo. Kama angempelekea Mganga Mkuu takwimu zile, angekuwa ameizika kazi yake kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa kibali cha kamati.

Alhamisi iliyofuata alikwenda nyumba ya arobaini na nne akiwa amevunjika moyo.

Ilikuwa nyumba ndogo nyuma ya soko, yenye mlango wa bluu na dirisha pana. Chini ya dirisha kulikuwa na cherehani, na ukutani rafu zilizojaa vipande vya vitambaa vilivyokunjwa kwa rangi, kuanzia vyeupe hadi vyeusi. Mwenye nyumba alikuwa fundi cherehani, mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye macho makali na utepe wa kupimia shingoni ingawa hakuwa ameshona kwa miezi miwili. Saratani ilimwanzia kwenye titi. Alitibiwa, akapona kwa miaka mitatu, kisha ikarudi na kuingia kwenye mifupa ya mgongo. Mumewe alikuwa mpiga chapa mstaafu wa ofisi ya ardhi, mzee mnyamavu aliyevaa suruali iliyopigwa pasi hata nyumbani, kalamu mbili mfukoni. Watoto wao walikuwa mbali, kila mmoja na maisha yake.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, kile kiti kingine kina mguu mbovu."

Sista Hodi akaeleza alichokuja kufanya, fundi akakubali, maswali yakaanza. Umri. Ugonjwa ulianza lini. Wangapi wanaishi humu ndani. Hatimaye likafika swali la tisa.

"Mama, je, una maumivu?"

"Sina," alisema fundi.

Sista Hodi akaweka alama pale pa hapana. Alikuwa tayari anageuza ukurasa wakati mpiga chapa alipokohoa.

"Fundi," alisema kwa upole, "mwambie unalala wapi."

"Mzee, wewe umeulizwa?"

"Sijaulizwa. Ndiyo maana nasema."

Mkewe akamkata jicho ambalo lingempasua mtu mwingine, lakini mzee alikuwa amelizoea tangu ujana wake. Akanyoosha kidole kuelekea dirishani. Juu ya meza ya cherehani kulikuwa na mto uliobonyea katikati. Kwa wiki tano, alisema, mkewe alikuwa akilala amekaa kwenye kiti, kichwa juu ya mto ule, kwa sababu kila akijinyoosha kitandani mgongo unawaka kama umewekewa kaa. Akipitiwa na usingizi kwa nusu saa, huo ndio usiku mzima.

Sista Hodi akaweka kalamu chini. "Mama, mbona umeniambia huna maumivu?"

"Kwani wewe umeniuliza nini?" Fundi hakuwa na hasira; alisema kama mtu anayemweleza mwanafunzi mzito. "Umekuja na sare yako, umeniuliza mbele ya mume wangu kama nina maumivu. Mtu mzima atajibu nini? Nikisema ninayo, mtanibeba. Jirani yangu pale alisema anayo, akabebwa siku ile ile, akarudi kwenye sanduku. Halafu huyu mzee unayemwona, nikilalamika tu, hali chakula. Anakondeana kuliko mimi, na mgonjwa ni mimi. Kwa hiyo sina."

Sista Hodi akaamua kusema ukweli. Akawaeleza habari ya Mganga Mkuu, nyumba arobaini na tatu, na wale thelathini na mmoja waliosema hapana. Akasema anaogopa kwamba amefanya kazi ya wiki sita ya kuthibitisha uongo.

Fundi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, akasema "Ai, ai, usinichekeshe," akacheka tena.

"Lete hiyo karatasi yako."

Akachukua chaki ya bluu, ile bapa ya kuchorea vitambaa, akalipiga swali la tisa mstari mnene.

"Mteja akija kwangu kushona gauni," alisema, "nikamuuliza, 'Je, wewe ni mnene?', unadhani atasema ndiyo? Hata akiwa amejaa mlango mzima, atasema hapana. Kwa hiyo mimi siulizi. Ninapima. Na wewe pima! Muulize mtu jana alilala vipi. Alilala chali, alilala ubavu, au alilala amekaa kama mimi. Muulize mara ya mwisho kufika mlangoni kwa miguu yake ilikuwa lini. Nani anamwinua asubuhi? Kitu gani alikuwa akikifanya mwezi uliopita ambacho leo kimemshinda? Hapo hatakudanganya, maana hajui kwamba amekuambia."

"Subiri, mama, niandike."

"Mzee anaandika," alisema fundi, na kweli, mpiga chapa alikuwa ameshavuta karatasi safi na kuandika kwa mwandiko ulionyooka kama mashine. "Na kabla hujauliza lolote, waambie kwamba hujaja kumbeba mtu. Liwe la kwanza hilo. Bila hilo usipoteze wino."

Walikaa hivyo karibu saa mbili. Walikubaliana, wakabishana, wakafuta, wakaandika upya. Mwishoni yalikuwa maswali manane, na mpiga chapa akaomba kuongeza la kwake: mtu anayemtunza mgonjwa aulizwe peke yake, nje ya chumba. "Mimi ungeniuliza pale nje mlangoni," alisema akiangalia viatu vyake, "ningekueleza tangu dakika ya kwanza. Nimekuwa nikitafuta mtu wa kuniuliza." Mkewe akamtazama, safari hii bila ukali.

Siku ile Sista Hodi hakwenda nyumba ya arobaini na tano. Alirudi hospitali mbio, akamkamata daktari wa zamu kwenye korido, akamweleza, akapata saini. Mfamasia akafungua kufuli ya kwanza akinung'unika na kufuli ya pili akinung'unika zaidi. Saa tisa alasiri alikuwa amesharudi kwenye mlango wa bluu na chupa ya mofini ya maji.

Fundi aliitazama chupa ile kama inayong'ata. "Si ndiyo hii wanayowapa watu wa kumaliziwa?"

"Hapana, mama. Wanaisema hivyo kwa sababu inaletwa wakati umeshachelewa, basi dawa inabeba lawama za ugonjwa. Hii haiharakishi kifo wala haikicheleweshi. Kazi yake ni kutuliza. Siku za mwanzo utasinzia sinzia, baadaye mwili utaizoea."

"Na ukinidanganya?"

"Hii hapa namba yangu ya simu. Nipigie unitukane."

Fundi akacheka kwa pua. Mpiga chapa akaonyeshwa namna ya kupima mililita tano kwa bomba dogo la plastiki lisilo na sindano, kila baada ya saa nne, pamoja na dawa nyingine ya kulainisha choo. Akachora jedwali lenye saa zote, akalibandika ukutani kando ya rafu. Alipiga chapa miaka thelathini na moja, alisema, na hajawahi kukosea tarehe, hataanza leo.

Jumamosi asubuhi Sista Hodi alipita kuwaangalia, ingawa haikuwa siku yake ya kazi. Mpiga chapa alifungua mlango kidogo, kidole mdomoni.

"Polepole. Amelala."

Akamwongoza kwa ncha za vidole mpaka chumbani. Fundi alikuwa kitandani, amejinyoosha ubavu, mkono chini ya shavu, mdomo wazi, anakoroma.

"Msikilize," alinong'ona mzee, na uso wake ulijaa fahari kama mtu anayesikiliza mkewe akiimba ukumbini. "Wiki tano sijausikia mkoromo huu. Zamani nilikuwa namsukuma anyamaze. Nilikuwa mjinga kweli."

Kisha akageukia ukuta, mabega yakaanza kutikisika. Sista Hodi hakumwambia anyamaze. Alimshika kiwiko tu, wakasimama hapo wote wawili wakisikiliza.

Mama yake mwenyewe alikuwa amelala siku kumi na tisa katika wodi ya hospitali moja ya mbali, wakati Sista Hodi akiwa bado mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Watu walifungua pazia lake kama wanavyofungua kabati, wakaangalia, wakafunga. Alikufa akiwa macho. Kwa miaka mingi binti yake aliibeba siku hiyo kama jiwe kwenye kiatu. Asubuhi ile, akimsikiliza mama wa watu akikoroma, jiwe halikutoka, lakini alihisi kwamba kwa mara ya kwanza ametembea nalo hadi mahali pa maana. Akashukuru kimya kimya, kwa ajili ya mofini, kwa ajili ya mfamasia na manung'uniko yake, na zaidi ya yote kwa ajili ya mzee aliyekohoa kwa wakati.

Kazi iliyobaki haikuwa ndogo. Kamati ilitaka kuyaona maswali mapya kabla hayajatumika, na hilo peke yake likala wiki tatu. Mganga Mkuu akapiga simu mara mbili kuuliza takwimu zimekwama wapi. Sista Hodi akarudi nyumba zote arobaini na tatu, akaanza upya, kila mahali akitanguliza maneno yale yale: "Sijaja kumbeba mtu." Aliona mabega yakishuka. Aliona watu wakiwatazama watoto wao, halafu wakamtazama yeye, halafu wakasema. Yule mzee wa kona ya shuka alisema hajalala chali tangu mvua za mwaka jana. Mama aliyekuwa akimshukuru Mungu aliendelea kumshukuru, lakini akaongeza kwamba sasa anavuliwa nguo na mjukuu wake kwa sababu mikono hainyanyuki.

Nyumba zilipofika tisini na sita, alichapa ripoti ya kurasa kumi na mbili na kuipeleka.

Mganga Mkuu aliisoma akiwa amesimama dirishani. Kati ya wagonjwa tisini na sita, sabini na mmoja hawakuwa wamelala usiku mmoja mzima katika wiki iliyotangulia. Hamsini na wanne walikuwa wamemficha mtu wa nyumbani maumivu yao, na watunzaji wa hamsini kati ya hao walikuwa wanajua. Alirudi nyuma ukurasa, akaisoma sentensi hiyo tena.

"Wanawaficha, na wenyewe wanajua," alisema.

"Ndiyo, daktari."

"Hili swali la mkao wa kulala, nani kalitunga? Ni la chuoni kwenu?"

"Ni la fundi cherehani."

"Fundi wa nini?"

"Wa nguo, daktari. Anakaa nyuma ya soko."

Mganga Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi huyo ni mtafiti kutuzidi," alisema, na akakaa chini kuandika barua ya maombi siku hiyo hiyo.

Miezi miwili baadaye likafunguliwa darasa la kwanza: wauguzi na matabibu kumi na wanne kutoka vituo sita, kwa siku tano, ndani ya ukumbi wa mikutano wa hospitali wenye feni iliyokuwa ikigonga kila ikizunguka. Sista Hodi alikuwa ameandaa picha, chati na makabrasha. Alipomweleza fundi, alidhani atafurahi.

"Kwa hiyo unakwenda kufundisha kwa maswali yangu, mimi nimelala hapa nahesabu mbao za dari?"

"Mama, ni safari. Ni watu kumi na wanne wanakukodolea macho."

"Nimeshakodolewa macho na nusu ya madaktari wa nchi hii, wengine hata jina langu hawakuuliza. Hawa watanikodolea kwa sababu nimetaka mwenyewe. Niletee gari. Lakini si ule upande wa mlango usiofunguka."

Akaletwa na mito minne na mumewe. Akakaa mbele ya darasa, utepe wake shingoni, akawaambia wamfanyie usaili kama mgonjwa wa kawaida. Akasimama kwanza tabibu kijana, mtanashati, aliyefanya kazi katika kituo cha afya cha mtaa wa soko.

"Bibi, je, una maumivu?"

"Sina, mwanangu. Keti."

Darasa likaangua kicheko, kijana akaketi masikio yakiwaka moto. Wa pili naye akaambiwa aketi, na wa tatu. Wa nne alikuwa muuguzi mnene wa makamo kutoka kituo cha mbali kuliko vyote, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Alivuta kiti mpaka karibu, akakaa magoti yao yakikaribiana.

"Mama, nimekuja kukujulia hali tu. Sina nia ya kukupeleka popote. Jana ulilalaje?"

"Eeh!" alisema fundi. "Huyu sasa. Huyu hata nikimficha, nitamwambia."

Akawaeleza yote, bila kutia chumvi: kiti, mto, wiki tano. Alipofika kwenye dawa, akawauliza kuna kitu gani wamesahau kumuuliza. Wakatazamana.

"Choo!" alipaza sauti. "Mnaona haya? Siku ya pili nilisahau ile dawa ya kulainisha, nikafunga siku tatu nzima, nikadhani nimegeuka kuwa sanamu. Mumpe mtu mofini, msimuulize choo, atawalaani mpaka wajukuu zenu!"

Walicheka mpaka feni ikasahaulika. Lakini kila mmoja aliandika, na katika mitihani yote iliyofuata hakuna mwanafunzi aliyewahi kulikosa swali hilo.

Fundi alifundisha madarasa matatu katika miezi mitano. Alimfundisha pia mumewe kupika supu, kazi ambayo alisema ilikuwa ngumu kuliko ya matabibu wote. Alimaliza magauni mawili yaliyokuwa yamekaa rafuni bila mikono. Katika darasa la tatu aliletwa kwenye kitanda cha magurudumu, akazungumza dakika ishirini tu, na wanafunzi wakasogeza viti kumzunguka ili asipaze sauti.

Wiki moja baada ya hapo Sista Hodi alikwenda kumwona mchana. Dozi ilikuwa imepanda, na fundi alikuwa akilala zaidi kuliko kuwa macho. Muuguzi akakaa kando ya kitanda, akapiga moyo konde.

"Mama, nilitaka kukushukuru."

"Basi shukuru haraka, usingizi unakuja."

Sista Hodi akacheka huku machozi yakimlenga. "Asante. Ningepeleka takwimu za uongo, na kila kitu kingekwisha."

"Mimi nami asante," alisema fundi, macho yamefumba. "Ningekufa nimekaa kwenye kiti, mwanangu. Sasa nitakufa nimelala kama binadamu." Akafumbua jicho moja. "Yule kijana niliyemwambia aketi, ameiva. Anakuja kila baada ya siku moja. Anauliza vizuri mpaka inachosha."

Ndiye huyo tabibu wa mtaa wa soko aliyekuwepo kando ya kitanda Jumapili iliyofuata asubuhi. Dawa ilitoka kabati la kituo chake, si hospitali kuu, na maamuzi yalikuwa yake. Alipiga simu saa tatu.

"Sista, bibi ametangulia," alisema. "Alikuwa amelala ubavu wake. Baba alimshika mkono. Hakukuwa na maumivu, nilihakikisha. Nilimwangalia kila kitu, mpaka paji la uso; halikuwa limekunjamana."

"Umefanya vizuri, mdogo wangu," alisema Sista Hodi. "Kaa na baba. Nakuja."

Mwaka ulipogeuka, chuo kikaamua kuuchapisha utafiti ule kama kitabu cha kufundishia. Palitokea ubishi kidogo kuhusu ukurasa wa waandishi. Mmoja wa wakubwa alisema haijapata kutokea mgonjwa akaandikwa miongoni mwa watafiti. Sista Hodi, ambaye kwa kawaida hakupandisha sauti, aliwaambia kwamba basi na itokee. Fundi alikuwa ametia saini ya ridhaa akiwa na akili zake timamu, kwa sharti moja tu, kwamba wasiandike jina lake. "Wateja wangu wa zamani wataliona," alikuwa amesema, "waje kudai nguo zao." Mwalimu wa chuo akasimama upande wa Sista, na wakubwa wakakubali.

Nakala ya kwanza ilipotoka kiwandani, Sista Hodi aliipeleka kwenye mlango wa bluu. Mpiga chapa alimkaribisha, akafuta meza kwa kitambaa, akaweka kitabu mbele yake na kukifungua polepole. Ukurasa wa waandishi ulikuwa na majina manne, na chini yake mstari wa tano: Fundi cherehani, mgonjwa, aliyetunga maswali ya kwanza hadi ya nane. Mstari wa sita ukasema: Mume wake, mpiga chapa, aliyetunga swali la tisa.

"Na mimi?" alisema mzee.

"Na wewe, baba. Hilo lako ndilo linalotoa ukweli kuliko yote."

Akapitisha kidole juu ya mistari ile miwili, mara moja, mara ya pili. Hakulia. Aliuliza vituo vyenye dawa na watu waliosoma ni vingapi sasa.

"Kumi na tisa."

"Kati ya ishirini na sita. Bado saba."

"Bado saba, baba. Darasa jingine linaanza Jumatatu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akaenda jikoni, akarudi na chai na mkate kwenye sinia, akamimina vikombe viwili. Kisha akavaa miwani, akasafisha koo, akauliza kama Sista ana haraka. Sista Hodi alikuwa na kikao saa kumi, na ripoti mbili mezani ambazo hazikuwa zimeguswa.

"Sina haraka," alisema.

Basi mzee akafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma kwa sauti, neno baada ya neno, kwa sauti iliyonyooka ya mtu aliyezoea kazi ya maandishi, na muuguzi akaegemea kiti chake, kikombe cha moto mikononi, akasikiliza.